Asilimia Kumi ya Nini?

Hati ya bima ya gari huwa na kurasa nyingi, na wenye magari wengi husoma mmoja tu. Ukurasa huo una jina la mwenye gari, namba ya usajili, aina ya gari, thamani iliyokatiwa bima na ada iliyolipwa. Mtu akishaona jina halijakosewa na namba ni yenyewe, huikunja hati, akaitia kwenye droo ya dashibodi na kuondoka zake. Kurasa chache mbele, kwa herufi ndogo, kimeandikwa kiasi cha fedha atakachotoa mfukoni siku gari litakapopata ajali.

Kiasi hicho ndicho wakala, fundi na mtathmini wanachokiita eksesi. Ni sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe kabla kampuni ya bima haijaanza kulipa. Wengi hukutana nayo kwa mara ya kwanza gereji. Gari limekwisha kunyooshwa, bampa jipya limefungwa, rangi imekauka, mwenyewe anaomba ufunguo. Msimamizi wa gereji anafungua jalada na kumwonyesha barua ya kampuni ya bima iliyoidhinisha matengenezo. Chini kabisa ya barua kuna mstari mmoja: mteja alipe Sh300,000 kabla ya kukabidhiwa gari.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mwenye gari anapiga simu kwa wakala: “Mimi si nina bima kubwa?” Wakala anajibu kwamba ndiyo, anayo, na hiyo ndiyo bima kubwa yenyewe. Wote wawili wanasema kweli. Tatizo ni kwamba mmoja wao alijua tangu mwanzo, na mwingine anajulishwa leo.

Ada ni nusu ya bei

Tanzania, kila mwenye gari anazijua bima mbili. Bima ndogo ndiyo ya lazima kisheria. Inamlinda mtu mwingine anayeumizwa au kuuawa na gari lako, na hati nyingi huongeza kinga ya mali yake kwa kiwango maalumu. Kenya nako sheria inalazimisha kinga ya aina hiyo kwa kila gari linaloingia barabarani. Bima kubwa ni hiari, isipokuwa pale benki iliyokukopesha inapoidai. Hiyo huongeza kinga ya gari lako mwenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi. Eksesi inaishi hasa katika sehemu hii ya pili.

Anayekata bima kubwa huuliza bei, na jibu huwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa gari binafsi, kiwango ambacho Watanzania wengi wamekizoea ni asilimia 3.5. Gari la Sh20 milioni linalipiwa Sh700,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Mteja akipita kampuni tatu mjini atakuta bei zinafanana au zinapishana kidogo, kwa kuwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, imeweka viwango vya chini vya ada. Anachagua kampuni ambayo ofisi yake iko karibu, au ile ya wakala anayefahamiana naye.

Anasahau kwamba pale bei ya kununulia inapofanana, tofauti hujificha kwenye bei ya kutumia. Zamani tofauti hiyo haikuwapo. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lililoanzishwa mwaka 1963, ndilo lililokuwa likiuza bima nchini kwa miongo kadhaa, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Leo kampuni ni nyingi, na hati mbili zenye ada ileile zinaweza kutofautiana kwa mamilioni siku ya ajali. Ili kuiona tofauti hiyo, inabidi uulize swali moja ambalo mawakala wengi hawalitarajii.

Swali lenyewe

Wakala akikwambia kwamba eksesi ni “asilimia kumi tu,” muulize: asilimia kumi ya nini?

Eksesi huandikwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kiasi kisichobadilika, kwa mfano Sh250,000 kwa kila ajali. Ya pili ni asilimia ya madai, yaani ya gharama ya hasara yenyewe, na karibu kila mara hufuatana na kiwango cha chini. Ya tatu ni asilimia ya thamani ya gari, hata kama kilichovunjika ni taa moja.

Tuchukue gari letu la Sh20 milioni na hati tatu za mfano. Hati ya kwanza ina eksesi isiyobadilika ya Sh250,000. Ya pili ina asilimia 10 ya madai, isipungue Sh300,000. Ya tatu ina asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ambayo ni Sh500,000.

Gari likigongwa nyuma kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, na matengenezo yakafika Sh1.2 milioni, mwenye hati ya kwanza atatoa Sh250,000. Wa pili, asilimia 10 yake ni Sh120,000, lakini kiwango cha chini kinamkamata: atatoa Sh300,000. Wa tatu atatoa Sh500,000, karibu nusu ya gharama yote.

Ajali ikiwa ndogo zaidi, tuseme mkwaruzo wa mlango na kioo cha pembeni kwa Sh280,000, mwenye hati ya kwanza atalipwa Sh30,000. Wenzake wawili hawatapata hata shilingi moja, kwa sababu hasara haijafika pale kampuni inapoanzia kulipa.

Sasa gari lipinduke na kuharibika kabisa, hasara ikiwa Sh20 milioni nzima. Mwenye hati ya kwanza anakatwa Sh250,000 zilezile. Wa tatu, aliyeonekana kapunjwa kwenye ajali ya Mwenge, anakatwa Sh500,000 zilezile. Yule wa “asilimia kumi tu” anakatwa Sh2 milioni.

Kwa hiyo eksesi ya asilimia ya madai ni nafuu kwenye ajali ndogo na nzito kwenye ajali kubwa, na ile ya asilimia ya thamani ni kinyume chake. Katika mfano wetu, mizani inageuka hasara inapofika Sh5 milioni: chini ya hapo hati ya pili inamfaa mteja kuliko ya tatu, na juu ya hapo ya tatu inamfaa zaidi. Mtu anayekata bima kwa kuogopa msiba mkubwa, akiwa yuko tayari kujilipia mikwaruzo, ana sababu ya kuikimbia asilimia kumi ya madai hata kama kwa jina inasikika ndogo.

Mkopo wa benki unaifanya hesabu hii iume zaidi. Ukiwa unadaiwa Sh19 milioni na gari likateketea, kampuni italipa Sh18 milioni baada ya kukata eksesi ya Sh2 milioni, na fedha hizo zitakwenda benki kwanza. Utabaki huna gari, na bado unadaiwa Sh1 milioni.

Kwa nini ipo

Mtu aliyelipa ada yake yote ana haki ya kuuliza kwa nini asilipwe hasara yake yote. Sababu ziko tatu, na hata asiyezipenda ni vizuri azijue.

Ya kwanza ni gharama za kushughulikia madai. Hasara ya Sh80,000 ya taa ya pembeni inahitaji jalada lilelile, mtathmini yuleyule, picha zilezile na barua zilezile za idhini kama hasara ya milioni tano. Kampuni ingelazimika kutumia fedha nyingi kuthibitisha hasara kuliko hasara yenyewe, na gharama hiyo ingerudi kwa wateja wote kupitia ada. Eksesi inayaondoa madai hayo madogo mezani.

Ya pili ni tabia ya binadamu. Dereva anayejua kwamba kila kovu la gari litalipiwa na mtu mwingine hana haraka ya kujifunza kurudi nyuma vizuri. Akijua laki tatu za kwanza ni zake, anatazama kioo mara ya pili.

Ya tatu ni ada. Kadiri mteja anavyobeba sehemu kubwa ya hasara, ndivyo kampuni inavyoweza kumtoza kidogo. Marekani biashara hii iko wazi: mnunuzi wa bima huchagua mwenyewe abebe dola 500 au dola 1,000 za kwanza za uharibifu wa gari lake, na ada hupanda au kushuka kufuatana na chaguo lake. Uingereza hati hutenganisha sehemu ya lazima, inayopangwa na kampuni, na ya hiari, ambayo mteja anajiongezea ili apunguziwe ada. Kwetu mazungumzo hayo hayajazoeleka, lakini kuuliza hakukatazwi. Mwenye kampuni ya usafirishaji anayekatia bima magari kumi ana nguvu kubwa ya kujadiliana kuliko mwenye gari moja, ila hata huyu wa gari moja anaweza kuomba nukuu mbili zenye eksesi tofauti na kuzilinganisha.

Akipewa nukuu hizo, apige hesabu rahisi. Kama kuongeza eksesi kwa Sh400,000 kunapunguza ada kwa Sh60,000 kwa mwaka, itamlazimu akae karibu miaka saba bila ajali ndipo akiba aliyoipata ifidie ajali moja. Dereva wa foleni za Dar es Salaam anayejijua aamue mwenyewe kama ataifikisha miaka hiyo.

“Lakini kosa si langu”

Malalamiko makubwa kuliko yote ni ya dereva aliyegongwa akiwa amesimama kwenye taa nyekundu. Trafiki wamepima, ripoti inamtaja mwingine kuwa ndiye mkosaji, na bado gereji inamdai eksesi. Anaiona kama faini aliyopigwa mtu asiye na hatia.

Eksesi haina habari na mkosaji. Ni sharti la mkataba kati yako na kampuni yako, na hulipwa kila unapotumia kinga ya gari lako mwenyewe, awe amekosea nani. Suala la kosa linaamuliwa upande mwingine, kati yako na aliyekugonga.

Aliyegongwa ana njia mbili. Anaweza kwenda moja kwa moja kwenye bima ya aliyemgonga na kudai matengenezo yote, na kwa njia hiyo hahusiki na eksesi yake mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba itabidi asubiri kampuni ambayo hana mkataba nayo ikubali kwamba mteja wake alikosa, na kinga ya mali kwenye bima ndogo ina kikomo chake. Njia ya pili ni kutumia bima yake kubwa, alipe eksesi, gari litengenezwe haraka, kisha kampuni yake imfuate mkosaji au bima yake kurudisha ilichotumia. Hapa kuna jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi: eksesi uliyolipa nayo ni hasara iliyosababishwa na mkosaji, na unaweza kuidai. Iandikie kampuni yako barua uiombe iijumuishe kwenye madai yake dhidi ya mkosaji, au uidai mwenyewe. Ukinyamaza, kampuni inaweza kurudisha fedha zake na jalada likafungwa zako zikiwa nje.

Njia zote mbili zinavunjika mkosaji akiwa hana kitu. Bodaboda aliyekwangua ubavu wa gari lako Kariakoo, asiye na bima wala leseni, hatakurudishia laki tatu hata akihukumiwa. Siku hiyo eksesi ni yako, na bima kubwa inabaki kuwa ndiyo msaada pekee ulio nao.

Madereva wengi huamua “tumalizane hapahapa.” Kwa mkwaruzo ulio wazi, usiomhusu majeruhi, ambao gharama yake iko chini ya eksesi, uamuzi huo una mantiki. Hatari inakuja pale ajali inapoonekana ndogo na si ndogo. Bampa la plastiki linaweza kurudi mahali pake huku kilicho nyuma yake kimepinda, na abiria aliyesema hajaumia anaweza kuamka kesho shingo haigeuki. Hati nyingi zinamtaka mteja aiarifu kampuni kila ajali mapema, hata kama hana nia ya kudai, na zinamkataza kukubali kosa au kuahidi malipo kwa niaba ya kampuni. Aliyemalizana barabarani kisha akageuka kudai baada ya wiki mbili amejiwekea kikwazo kwa mikono yake.

Kuna mtu mmoja ambaye eksesi haimgusi. Mtembea kwa miguu aliyeumizwa na gari lako hakatwi chochote kwa sababu ya makubaliano yako na kampuni yako. Kinga yake inatoka kwenye sheria, na kama kampuni ina madai juu yako, itayamaliza nawe baada ya kumlipa yeye.

Eksesi juu ya eksesi

Kiasi kinachotajwa mwanzoni mwa hati mara nyingi si cha mwisho. Kuna nyongeza, na nyongeza hizo ndizo zinazowashangaza watu.

Ya kwanza ni ya dereva mwenyewe. Hati nyingi huongeza eksesi kama aliyekuwa kwenye usukani ana umri mdogo au leseni yake haina muda mrefu. Mpwa wa miaka 20 aliyeazimwa ufunguo kwenda kumchukua bibi stendi anaweza kuigeuza eksesi ya laki tatu kuwa laki tano. Na kama hana leseni kabisa, hakuna eksesi ya kuhesabu, kwa sababu madai yatakataliwa.

Ya pili ni ya wizi. Kenya ni kawaida kukuta hati inayosema gari likiibwa mwenyewe abebe asilimia 10 ya thamani kama lilikuwa na kifaa cha kulifuatilia, na asilimia 20 kama halikuwa nacho. Kwa gari la KSh1.5 milioni, tofauti hiyo ni kati ya KSh150,000 na KSh300,000. Linganisha na ajali ya kawaida, ambako hati nyingi za huko hutoza asilimia 2.5 ya thamani, yaani KSh37,500 kwa gari hilohilo. Anayeegesha barabarani usiku afanye hesabu ya kifaa hicho kabla ya kukiona ni gharama ya bure.

Kampuni za Kenya pia huuza kinga ya eksesi yenyewe. Mteja huongeza sehemu ndogo ya asilimia moja ya thamani ya gari juu ya ada yake, na ajali ikitokea hatoi kitu. Kwa anayeishi kwa mshahara na hana akiba, inaweza kuwa fedha iliyotumika vizuri. Asome tu kwanza kama kinga hiyo inafika kwenye wizi na uharibifu kamili, au inaishia kwenye mabampa, na kama inatumika mara moja kwa mwaka au kila ajali.

Ya tatu si nyongeza kwa jina, lakini huja kama nyongeza. Eksesi ni ya kila tukio. Mwenye gari lenye kovu la zamani mlango wa kushoto anapogongwa kulia huona ni nafasi nzuri ya kutengeneza pande zote kwa jalada moja. Mtathmini akilizunguka gari ataona kutu kwenye kovu la kushoto na vumbi jipya la rangi upande wa kulia. Ataandika matukio mawili, na matukio mawili ni eksesi mbili.

Makato mengine, na mtego wa gereji

Si kila kinachokatwa ni eksesi, na mteja anayevichanganya vyote hujikuta analalamikia kisichofaa. Matairi na betri zikibadilishwa, kampuni inaweza kukata sehemu ya uchakavu, kwa hoja kwamba ulikuwa na tairi lililokwisha nusu na sasa unapewa jipya.

Kato kubwa kuliko yote hutokana na thamani iliyopunguzwa makusudi. Ili kupunguza ada, mtu hulikatia gari la Sh20 milioni bima ya Sh12 milioni. Kabla ya kodi, ada inashuka kutoka Sh700,000 hadi Sh420,000, naye anaona ameokoa Sh280,000. Hati yenye sharti la uwiano itamlipa kwa kiwango hichohicho alichojikatia, yaani asilimia 60. Hasara ya Sh4 milioni inageuka Sh2.4 milioni, kisha eksesi ya Sh300,000 inatoka, anabaki na Sh2.1 milioni. Sh1.9 milioni zilizobaki atazitoa mfukoni mwake. Thamani ya gari inafaa ipimwe upya kila mwaka, ishuke kwa haki yake bila kupunjwa.

Gereji nazo zina mchezo wao. Fundi anamnong’oneza mteja: “Usijali na eksesi, tutaiingiza kwenye makisio.” Bampa la mtumba kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani linaandikwa kuwa jipya, saa za kunyoosha bodi zinaongezwa, na laki tatu za mteja zinajificha ndani ya ankara. Wengi huona ni ujanja mdogo wa kufidia walichokatwa. Kisheria ni udanganyifu, na hati za bima huwa na sharti kwamba dai lenye uongo linaweza kukataliwa lote, hata ile sehemu yake iliyo ya kweli. Watathmini wa mjini wanazijua bei za Kariakoo kama wenzao wa Nairobi wanavyozijua za Barabara ya Kirinyaga. Kwa laki tatu, mtu anaweka rehani milioni tatu.

Kudai au kunyamaza

Mwenye bima mwenye busara hadai kila anapoweza kudai. Kampuni nyingi humpa punguzo la ada mteja aliyemaliza mwaka bila kupeleka madai, na akidai, punguzo hilo hupungua au hufutika.

Tuseme hasara ni Sh380,000 na eksesi ni Sh300,000. Kampuni itatoa Sh80,000. Kama punguzo lako ni asilimia 20 ya ada ya Sh700,000, unaweza kupoteza Sh140,000 mwakani ili upate Sh80,000 leo, bado hujahesabu siku za kufuata ripoti ya polisi na kumsubiri mtathmini. Ajali ya namna hiyo iarifu, kisha ujilipie.

Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye bima daftari hilo ni rahisi: picha za gari siku ulipokata bima, nakala ya ripoti ya polisi, makisio ya gereji, barua ya idhini na risiti ya eksesi uliyolipa. Risiti hiyo ndiyo utakayoihitaji siku ya kumdai aliyekugonga.

Akiba nayo ina nafasi yake. Eksesi inayokufaa ni ile unayoweza kuilipa ndani ya wiki moja bila kuuza kitu na bila kukopa kwa riba. Kama hati yako ina kiwango cha chini cha Sh300,000, basi Sh300,000 zikae mahali, kwenye akaunti au kwenye simu, zikiwa na jina la gari. Gari lililokwisha kutengenezwa likikaa gereji mwezi mzima kwa kukosa laki tatu ni hasara ambayo hakuna hati inayoifidia.

Kabla ya stika nyingine

Mteja anayehisi amekatwa kuliko ilivyoandikwa ana pa kwenda. Aanze na dawati la malalamiko la kampuni yake, kwa maandishi, akiomba aonyeshwe kifungu kilichotumika na hesabu iliyofanyika. Asiporidhika, Tanzania kuna TIRA na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo ipo kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kwenda mahakamani. Kenya kuna Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Lakini ofisi hizo zitafungua hati ileile aliyoikunja na kuitia kwenye droo, na kama eksesi imeandikwa humo, hakuna msuluhishi atakayeifuta.

Kampuni nazo zina deni. Hati nyingi bado ziko kwa Kiingereza cha wanasheria, na eksesi imezikwa katikati ya masharti. Kampuni inayojua thamani ya gari la mteja na asilimia iliyomtoza haishindwi kumwandikia ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili na kwa shilingi: ajali ndogo utalipa kiasi hiki, gari likiharibika kabisa kiasi hiki, likiibwa kiasi hiki, akiendesha kijana kiasi hiki. Mistari minne inatosha, na TIRA ina mamlaka ya kuidai.

Kabla hilo halijafanyika, mteja aidai mwenyewe. Bima yako ikikaribia kuisha, usilipe ada kwa mazoea. Mtake wakala akutumie mistari hiyo minne kwa maandishi, ulinganishe na ya kampuni nyingine mbili, ndipo utoe fedha. Wakala anayeshindwa kuiandika kabla hujalipa hatakuwa na jibu zuri zaidi gari likiwa gereji.